Usitazame kerneli ilipoangukia, tazama ilipojikwaa

Ripoti ya kuanguka kwa kerneli (moyo wa mfumo wa uendeshaji) hubeba jina la funksheni moja kwenye mstari wa RIP (mahali prosesa ilipokuwa ikitekeleza), na msomaji wa kwanza huwa tayari kumtwisha lawama aliyeiandika. Kwa hitilafu za kumbukumbu, lawama hiyo mara nyingi humpata asiyehusika. Draiva ya mtandao inaachilia kipande cha kumbukumbu lakini inabaki na pointa yake, yaani anwani inayoelekea humo. Mfumo wa faili unapewa kipande hichohicho na kuweka mambo yake humo. Kisha draiva inaandika baiti nane kupitia ile pointa ya zamani. Mfumo wa faili ukija kusoma, unakuta anwani isiyoelekea popote, na mashine inaanguka. Steki (orodha ya funksheni zilizoitana) itaonyesha mfumo wa faili kuanzia juu hadi chini. Draiva haitatajwa hata mara moja.

Kwa hiyo kazi yote ya kusaka hitilafu hizi naiona kama kazi moja tu: kufupisha muda kati ya kujikwaa na kuanguka. Kila zana nitakayoitaja hapa inapimwa kwa kigezo hicho. Mifano ni ya Linux kwenye prosesa za x86-64, ingawa mantiki yake inafaa kerneli yoyote, pamoja na unayoiandika mwenyewe kuanzia sifuri.

Ushahidi kwanza

Linux ikipata Oops (kosa ndani ya kerneli yenyewe), kwa kawaida huua mchakato uliohusika na kuendelea na kazi. Kumbukumbu ikiwa imeharibika, kuendelea huko ni hatari: kerneli iliyojeruhiwa inaendelea kuandika kwenye diski, na Oops zinazofuata ni matokeo ya ile ya kwanza. Weka `kernel.panic_on_oops=1` kwenye sysctl. Ukipewa logi yenye Oops kumi, soma ya kwanza peke yake. Mstari wa Tainted utakusaidia kuitambua: herufi D inasema kulikuwa na Oops nyingine kabla ya hii, B inasema ukurasa mbovu wa kumbukumbu ulishagunduliwa, O inasema kuna moduli iliyojengwa nje ya mti wa kerneli, na M inasema prosesa yenyewe imeripoti hitilafu ya vifaa. Ukiona M, funga kihariri cha msimbo na upime RAM kwanza.

Halafu andaa kdump, inayohifadhi nakala ya kumbukumbu kerneli inapoanguka. Tenga kumbukumbu ya kerneli ya akiba kwa kigezo cha kuwashia kama `crashkernel=256M`, kisha hakikisha `/sys/kernel/kexec_crash_loaded` inasoma 1. Usiishie hapo. Iangushe mashine kwa makusudi, katika muda unaoruhusiwa, kwa amri hii:

```
echo c > /proc/sysrq-trigger
```

Kama baada ya hapo hakuna vmcore (faili ya nakala hiyo) kwenye diski, ni heri umejua leo. Mashine zenye draiva nyingi huhitaji zaidi ya 256M, na dalili yake ni kwamba kerneli ya pili inaishiwa kumbukumbu kabla ya kumaliza kunakili.

Kuna jambo moja kuhusu makedumpfile, programu inayoandika vmcore, ambalo huharibu uchunguzi kimyakimya. Mipangilio mingi hutumia `-d 31`, yaani kuacha kurasa zenye sifuri tupu (1), kurasa za kashe (2 na 4), data za programu za watumiaji (8) na kurasa zilizo huru (16). Hizo za mwisho ndizo unazozihitaji pale unaposhuku kwamba kuna mtu anaandika kwenye ukurasa uliokwisha kuachiliwa. Tumia `-d 15` mpaka hitilafu ipatikane. Faili itakuwa kubwa zaidi, lakini ushahidi utakuwemo.

Hifadhi pia faili ya vmlinux (kerneli iliyokompailiwa) yenye taarifa za utatuzi, ya ujenzi uleule hasa ulioanguka. Vmlinux ya toleo hilohilo iliyokompailiwa upya na kompaila nyingine inaweza kukuonyesha mistari isiyo sahihi, nawe utaiamini. Ukiwa nayo, kutafsiri steki ni kazi ya amri moja:

```
scripts/decode_stacktrace.sh vmlinux < logi.txt
```

Mashine ikikata kabla ya kdump kufanya lolote, unganisha waya wa siriali na uongeze `console=ttyS0,115200`. Kifaa hiki cha kizamani bado hakijapata mrithi wa kweli.

Namba zisomwe kabla ya steki

Mtu akinionyesha Oops, jicho langu huenda kwanza kwenye anwani iliyokosewa na kwenye rejista (vihifadhi vidogo ndani ya prosesa), kabla ya majina ya funksheni. Namba huwa na saini ya aina ya kosa, na saini hizo si nyingi kiasi cha kutokumbukika.

Anwani ndogo sana, mathalani 0000000000000018, ni pointa tupu iliyofuatwa na sehemu ya muundo iliyo umbali wa baiti 24 kutoka mwanzo. Endesha `pahole -C jina_la_muundo vmlinux` uone ni sehemu gani iko kwenye 24, na mara nyingi utajua ni pointa ipi ilikuwa tupu bila kugusa kitu kingine.

Anwani iliyo mwisho kabisa wa masafa, kama fffffffffffffff4, ni namba hasi. Hiyo ni -12, yaani ENOMEM (kumbukumbu haitoshi): funksheni ilirudisha kosa ndani ya pointa na aliyeiita hakukagua kwa IS_ERR. Lakini angalia, ffffffffffffffe8 ni -24, na -24 inaweza kuwa msimbo wa kosa EMFILE (faili nyingi mno zimefunguliwa) au inaweza kuwa container_of (makro inayotafuta mwanzo wa muundo kutoka kwenye sehemu yake) iliyopewa pointa tupu, ikatoa 0x18 kutoka sifuri. Kinachotofautisha ni maagizo ya mashine yaliyo kwenye mstari wa Code. Yapitishe kwenye `scripts/decodecode`. Ukikuta kutoa 0x18, au kusoma kwa umbali hasi, muda mfupi kabla ya kuanguka, jibu ni container_of.

6b6b6b6b6b6b6b6b ni sumu (thamani ya alama) ambayo SLUB, mgawaji wa kumbukumbu wa kerneli, huijaza kwenye kipande kilichoachiliwa pale ukaguzi unapowashwa. Ukiikuta ndani ya rejista, kuna mtu amesoma pointa kutoka kwenye kipande kilichokwisha kurudishwa. Ukikuta 6b6b6b6b6b6b6b83, hiyo ni sumu ileile ikiongezewa 0x18. Baiti 5a ni kumbukumbu iliyotengwa ambayo hakuna aliyeijaza bado. Baiti bb na cc ni kanda za ulinzi zinazozunguka kipande, bb kikiwa huru na cc kikiwa kinatumika. Baiti aa ni sumu ya ukurasa mzima. Na dead000000000100 pamoja na dead000000000122 ni pointa mbili za orodha, zinazowekwa na list_del. Ukizikuta, kipengee kimeondolewa kwenye orodha mara mbili, au mtu anaitembea orodha bila kushika kufuli huku mwingine akiondoa.

Ujue kwamba anwani kama 6b6b6b6b6b6b6b6b si halali kwa x86-64, ambapo katika mpangilio wa biti 48 biti za juu kuanzia ya 47 lazima zifanane. Prosesa haifiki hata kwenye majedwali ya kurasa. Inatoa hitilafu ya jumla ya ulinzi, na CR2 (rejista inayoshika anwani ya hitilafu ya ukurasa) haibadiliki. Anayetegemea CR2 hapo anasoma anwani ya hitilafu nyingine kabisa iliyotangulia.

Kisha kuna maandishi. Rejista yenye 6164732f7665642f inaonekana kama uchafu mpaka uisome baiti kwa baiti kutoka kulia: 2f 64 65 76 2f 73 64 61, yaani "/dev/sda". Pointa imefunikwa na njia ya faili, na sasa unatafuta msimbo unaonakili majina ya vifaa bila kukagua urefu. Kila nikiona namba ambayo baiti zake zote ziko kati ya 20 na 7e, naigeuza kuwa herufi kabla ya kufanya kitu kingine.

Saini ninayoipenda kuliko zote ni 6a mahali pa 6b. SLUB inaripoti "Poison overwritten", na tofauti ni baiti moja tu. Maelezo ni mawili. La kwanza, biti ya chini ya RAM imegeuka, kwa kuwa 6b na 6a hutofautiana biti moja. La pili, kuna aliyepunguza kihesabu cha marejeo (idadi ya wanaokitumia kipande) ndani ya kipande kilichoachiliwa: 6b6b6b6b kutoa 1 ni 6b6b6b6a, na kwa kuwa x86 huanza na baiti ndogo, 6a inakuwa ya kwanza. Kama umbali wa baiti hiyo unagawanyika kwa 4, unaangukia kwenye sehemu ya kihesabu ndani ya muundo, na unajirudia mashine baada ya mashine, ni msimbo. Kama umbali ni wa ovyo na inatokea kwenye mashine moja tu, ni RAM. Ukiona 6c, mtu ameongeza. Aina ya refcount_t haitakuokoa hapa: inalalamika kihesabu kikiwa sifuri, kikienda hasi au kikijaa, na 6b6b6b6b ni namba chanya ya kawaida machoni pake.

Kerneli inapofia ndani ya kmalloc

Hii nimeitenga kwa sababu huwapoteza wengi. RIP inaonyesha funksheni ya kutenga kumbukumbu, `kmem_cache_alloc` au `__kmalloc`, na mtu anaanza kusoma msimbo wa mgawaji akitafuta kosa. Usifanye hivyo. SLUB huweka pointa ya kipande huru kinachofuata ndani ya kipande huru chenyewe. Mwenye pointa ya zamani akiandika juu yake, mgawaji ataifuata pointa hiyo mbovu mara atakapoombwa kumbukumbu na mtu mwingine yeyote. Chaguo la kukompaili CONFIG_SLAB_FREELIST_HARDENED likiwa limewashwa, pointa hiyo huhifadhiwa ikiwa imechanganywa na namba ya siri, hivyo ikifunguliwa baada ya kuharibiwa inatoka kama namba isiyo na mpangilio wowote. Ukiona namba ya namna hiyo ndani ya mgawaji, jua tu kwamba kuna kipande cha ukubwa fulani kimeandikwa baada ya kuachiliwa, au jirani yake amevuka mpaka.

Kujua ukubwa ni hatua kubwa. Kama ni kmalloc-64, washukiwa ni wote wanaotenga kati ya baiti 33 na 64. Lakini kumbuka kwamba SLUB huunganisha kashe (makundi ya vipande vya ukubwa mmoja) zinazofanana ukubwa na sifa, kwa hiyo kashe yenye jina la mfumo fulani inaweza kuwa inabeba vipande vya mifumo mitano. Washa kerneli na `slab_nomerge`. Wakati mwingine kigezo hiki peke yake huhamisha muanguko kutoka kwa jirani asiye na hatia hadi kwa mwenyewe.

Zana, na lini kila moja inafaa

Kama huwezi kukompaili kerneli upya, anza na `slub_debug=FZPU` (matoleo mapya yanaiita slab_debug). F ni ukaguzi wa uthabiti, Z ni kanda za ulinzi, P ni sumu, U ni kukumbuka nani alitenga na nani aliachilia. Unaweza kuibana kwa kashe moja, `slub_debug=FZPU,kmalloc-64`, ili mashine isizidiwe. Udhaifu wake ni kwamba ukaguzi hufanyika tu kipande kinapotengwa au kuachiliwa. Muda kati ya kujikwaa na kugunduliwa bado unaweza kuwa mrefu. Unaweza kuufupisha kwa kulazimisha ukaguzi kila baada ya muda:

```
echo 1 > /sys/kernel/slab/kmalloc-64/validate
```

Iweke kwenye kitanzi kila sekunde moja, andika saa kwenye logi, na utajua uharibifu ulitokea kati ya sekunde ipi na ipi. Linganisha na kilichokuwa kikiendelea wakati huo.

Kama unaweza kukompaili, KASAN, kikaguzi cha kumbukumbu kinachojengwa ndani ya kerneli, ndiyo jibu la kwanza. Iliingia kwenye kerneli toleo 4.0 mwaka 2015 na hukagua kila usomaji na uandishi uliokompailiwa. Kila baiti 8 za kumbukumbu zina baiti moja ya kivuli inayosema zipi zinaruhusiwa, kwa hiyo sehemu moja ya nane ya RAM inakwenda huko, na mashine hupungua kasi mara mbili au tatu. Unachopata ni ripoti yenye steki tatu: aliyegusa, aliyetenga, aliyeachilia. Soma ile ya tatu kwa makini kuliko ya kwanza. Aliyegusa kwa kawaida anafanya kazi yake halali. Swali ni kwa nini yule mwingine aliachilia mapema.

Mstari wa umbali nao una thamani. Ripoti ikisema anwani ffff888104a3c218 iko baiti 24 ndani ya eneo la baiti 64 linaloanzia ffff888104a3c200, rudi kwenye pahole na uone sehemu gani iko 24. Ikiwa kuna taima hapo, au kichwa cha foleni ya kazi, umekaribia kumaliza.

KASAN haiweki vipande vilivyoachiliwa kwenye mzunguko mara moja. Inaviweka karantini yenye kikomo cha sehemu moja ya 32 ya kumbukumbu. Mashine yenye RAM ndogo na kazi nyingi itamaliza karantini haraka, kipande kitatengwa tena, na mguso wa baadaye utaonekana halali. Ipe mashine pepe ya majaribio RAM nyingi kuliko inavyohitaji.

Kwa mashine za uzalishaji kuna KFENCE, iliyoingia toleo 5.12 mwaka 2021. Huchagua kipande kimoja kila milisekunde 100 na kukiweka peke yake kwenye ukurasa wenye kurasa za ulinzi pembeni. Vipande 255 vya kawaida hula MiB 2 tu. Kwa mashine moja uwezekano wa kunasa ni mdogo. Kwa mashine elfu moja zinazoendesha kerneli ileile, ni suala la muda. Ninaiwasha kila mahali.

Kwa kurasa nzima tumia `debug_pagealloc=on`, inayofuta ramani ya ukurasa mara unapoachiliwa ili mguso wowote uanguke papo hapo, pamoja na `page_owner=on`, inayokumbuka kila ukurasa ulitengwa kwa steki ipi. Hizi ndizo za kufikiria unapoona "Bad page state" au "Bad page map", ambazo huashiria kihesabu cha ukurasa kilichokosewa kuliko kipande cha slabu (kurasa zinazogawanywa na SLUB).

CONFIG_DEBUG_LIST iwashe siku zote. Ni nafuu, na inakamata orodha iliyoharibika kwenye list_add na list_del kabla haijasambaa.

KASAN inaponyamaza na mashine bado inaanguka

Ukimya wake una sababu zinazojulikana, na inafaa kuzipitia moja moja.

Kifaa kinachoandika moja kwa moja kwenye kumbukumbu kwa DMA hakipiti kwenye msimbo uliokompailiwa, kwa hiyo KASAN haikioni. Hali ya kawaida: draiva inaachilia bafa ya kupokelea kabla ya kukiamuru kifaa kisimame, na pakiti inayofuata inatua juu ya data ya mtu mwingine. Ukikuta vichwa vya pakiti za mtandao ndani ya muundo usiohusika na mtandao, shuku hili kwanza. Washa IOMMU (sehemu inayodhibiti kumbukumbu ambayo vifaa vinaweza kuifikia), kwa Intel ni `intel_iommu=on`, na ongeza `iommu.strict=1`. Bila hiyo strict, IOMMU inaweza kuchelewa kufuta ruhusa kwa ajili ya kasi, na dirisha hilo la kuchelewa ndilo kosa linapopitia. CONFIG_DMA_API_DEBUG nayo hukamata draiva inayoondoka huku bado ina bafa zilizounganishwa na kifaa.

Steki kufurika ni kisa cha ajabu zaidi. Steki ya kerneli kwenye x86-64 ni KiB 16, lakini KASAN ikiwashwa huongezwa hadi KiB 32. Hitilafu inayosababishwa na steki kujaa hutoweka kabisa siku unapowasha zana ya kuitafuta. Zima KASAN, hakikisha CONFIG_VMAP_STACK imewashwa ili kuwe na ukurasa wa ulinzi chini ya steki, na utafute bafa kubwa zilizotangazwa ndani ya funksheni.

Mruko mrefu nao unapita. Msimbo ukiandika mbali kiasi cha kuvuka ukanda wa ulinzi na kutua ndani ya kipande kingine halali, kivuli kinasema ruksa. Kumbukumbu isiyojazwa pia haimhusu KASAN. Hiyo ni kazi ya KMSAN, iliyoingia toleo 6.1 na inayohitaji Clang.

Halafu kuna mbio kati ya viini vya prosesa, ambapo matokeo hutegemea kipi kimetangulia. Kupungua kwa kasi hubadilisha mpangilio wa matukio, na mbio iliyokuwa inatokea kila saa haitokei tena. Hapo natumia KFENCE yenye `kfence.sample_interval=1`, au kuingiza ucheleweshaji mdogo kwa makusudi mahali ninapodhani dirisha lipo. Udelay (funksheni ya kuchelewesha) ya mikrosekunde mia kati ya "nimekagua" na "nimetumia" inaweza kugeuza hitilafu ya mara moja kwa juma kuwa ya kila dakika. Ikigeuka hivyo, nadharia imethibitika.

Ndani ya vmcore

Fungua kwa `crash vmlinux vmcore`. Amri ya kwanza ni `bt -a`, inayoonyesha kila kiini kilikuwa kikifanya nini wakati huo. Mara moja moja mhalifu bado yumo ndani ya funksheni yake kwenye kiini kingine. Ya pili ni `kmem` ikifuatiwa na anwani iliyoharibika. Itakuambia ni kashe gani na kama kipande kinatumika au kiko huru. Ya tatu:

```
rd -S ffff888104a3c1c0 32
```

Hiyo inasoma maneno 32, baiti 256, kuanzia kipande kilicho *nyuma* ya kilichoharibika. Nimeanza baiti 64 nyuma kwa makusudi, kwa sababu uandishi unaovuka mpaka karibu kila mara hutoka anwani za chini kwenda za juu. Jirani wa nyuma ndiye mshukiwa. Chaguo la -S huonyesha pia ni pointa zipi zinaelekea kwenye slabu na ni za kashe gani, na hivyo unaweza kumtambua jirani kwa pointa alizobeba hata kama huna rekodi ya aliyemtenga.

Kisha `search -k` pamoja na anwani ya kipande, kutafuta nani mwingine kwenye kerneli bado ameshika pointa yake. Pointa ya ziada ambayo haipaswi kuwepo ni mali.

Ukiwa na vmcore kadhaa za hitilafu ileile, zilinganishe. Tafuta kinachojirudia: baiti ngapi, umbali gani, thamani gani. Kama kila mara ni sifuri za baiti nane kwenye umbali wa 0x18 ndani ya kipande cha 64, tafuta muundo wa ukubwa huo ambao una pointa au kihesabu kwenye 0x18 na ambao kuna msimbo unaokiweka sifuri. Njia hii ni ya polepole, lakini hufanya kazi hata pale ambapo huruhusiwi kubadilisha chochote kwenye mashine inayoanguka.

Anwani inayoharibika ikiwa ileile kila mara, mathalani kigeu cha kudumu cha kerneli iliyowashwa na `nokaslr` (bila kubadilisha anwani zake kila inapowashwa), tumia rejista za ukaguzi za prosesa. Ziko nne, kila moja ikilinda hadi baiti 8. Perf, zana ya vipimo ya Linux, inazifikia:

```
perf record -a -g -e mem:0xffffffff82a3c218/8:w
```

Anayefuata kuandika hapo atanaswa na steki yake nzima. Hakuna njia fupi kuliko hiyo.

Wanakojikwaa wengi

Taima na kazi za foleni zinaongoza. Draiva inaondolewa, inaita funksheni ya kufuta taima isiyosubiri, kisha inaachilia muundo, wakati taima tayari inakimbia kwenye kiini kingine. Funksheni zenye `_sync` zipo kwa ajili hiyo. Na kama taima hujipanga upya yenyewe, au hupangwa na kazi ya foleni ambayo nayo hupangwa na taima, tumia `timer_shutdown_sync`, iliyopo tangu 6.2, kwani inazuia kupangwa tena.

RCU (njia ya kusoma data bila kufuli) inafuata: `list_del_rcu` na mara moja `kfree`. Msomaji aliyeingia kabla bado anakitazama kipande. `kfree_rcu` inatatua, mradi tu wasomaji wote kweli wako ndani ya `rcu_read_lock`. CONFIG_PROVE_RCU itakuonyesha wasiokuwemo.

`devm_kzalloc` ina mtego wake. Kumbukumbu huondoka kifaa kinapochomolewa, lakini programu ya mtumiaji inaweza kuwa bado imefungua faili ya kifaa hicho. Muundo unaofikiwa kupitia faili iliyofunguliwa unahitaji kihesabu chake wenyewe.

Njia za makosa hazijaribiwi na mtu, na humo mna kuachilia mara mbili kwingi. Zijaribu kwa lazima: kompaili na CONFIG_FAILSLAB, nenda `/sys/kernel/debug/failslab`, weka probability 10, times -1, ignore-gfp-wait N, washa task-filter na uandike 1 kwenye `/proc/self/make-it-fail` ya mchakato wa majaribio. Ombi moja kati ya kumi litakataliwa. Fanya hivyo pamoja na KASAN kwa saa moja na draiva changa itatoa siri zake.

Kwa anayeandika kerneli yake

Chapisha CR2, RIP na msimbo wa hitilafu kabla ya kuandika mstari mwingine wowote wa mgawaji. Biti 0 inasema ukurasa upo ila haki zimekataa, biti 1 ni uandishi, biti 2 ni hali ya mtumiaji, biti 4 ni kuleta maagizo. Biti 3 ndiyo yenye habari tamu: kuna biti iliyotengwa iliyowekwa 1 ndani ya jedwali la kurasa. Sababu yake ya kawaida ni kuandika anwani pepe mahali panapotakiwa anwani halisi ya RAM.

Mashine ikijiwasha upya bila neno, ni hitilafu tatu mfululizo. Endesha QEMU (kiigizaji cha mashine) na `-d int,cpu_reset -no-reboot -no-shutdown`, kisha kwenye kiweko chake andika `info mem` na `info tlb` uone ramani kama prosesa inavyoiona.

Kosa gumu kuliko yote ni la TLB, kashe ya prosesa inayotunza tafsiri za anwani. Kubadilisha ingizo kutoka lisilokuwepo kuwa lililopo hakuhitaji `invlpg` (agizo la kufuta ingizo la TLB) kwenye x86, lakini badiliko linaloondoa ukurasa au haki linahitaji, na kila kiini kilichowahi kutumia ramani hiyo lazima kifute pia kwa interapti. Mpangilio hauna mjadala: futa ingizo, futa TLB kwenye viini vyote na usubiri majibu, ndipo uachilie ukurasa. Ukiachilia kabla ya majibu, kiini cha pili kitaendelea kuandika kwenye ukurasa ambao sasa ni wa mwingine, hakuna hitilafu itakayotokea, na uharibifu utaonekana mahali pasipohusiana kabisa.

Kukata historia katikati

`git bisect`, inayotafuta komiti iliyoleta kosa kwa kugawa historia nusu kwa nusu, inafaa hitilafu ilipoanza kati ya matoleo mawili unayoyajua, ila hitilafu isiyotokea kila mara inahitaji hesabu. Ikiwa inatokea mara moja kati ya tano, majaribio kumi safi bado yanaacha uwezekano wa karibu asilimia 11 kwamba umeliita zuri toleo bovu. Majaribio ishirini hushusha hadi karibu asilimia 1. Kwa kuwa hatua moja ikikosewa zote zinazofuata ni bure, nakubali ishirini. Kuliita toleo bovu kunahitaji muanguko mmoja tu, lakini hakikisha ni muanguko uleule kwa kulinganisha saini, kwani historia ndefu ina hitilafu nyingine zake.

Kiraka kikipatikana, kiondoe na ukirudishe: bila kiraka ianguke, ukiwa nacho isianguke, kwa idadi ileile ya majaribio. Na kwenye maelezo ya komiti andika mpangilio wa matukio kiini kwa kiini, nani alishika pointa, nani aliachilia, kati ya mistari gani, pamoja na mstari wa Fixes wenye herufi 12 za mwanzo za komiti iliyoleta kosa. Usipoweza kuuandika mpangilio huo, huenda kiraka kimesogeza tu muda, na hitilafu bado imo. Rudi kwenye vmcore.